Ngozi ya Ulanga

Alasiri ile Hamdiya alitoka Muscat kwenda Wadi Kabir kutafuta maziwa ya mbuzi. Mama yake, Bi Mahbuba, hamezi kitu kingine tangu wamzike Ghanim, mdogo wake Hamdiya, na arubaini imeshapita. Wamenusurika Unguja mwaka wa sitini na nne, wamekuja huku, na huku kijana wao kaliwa na shimo la ulanga, lile jiwe la matabaka yang'aayo, nyuma ya Yiti! Ami Marhoon, mwenye shimo, aliileta maiti imeshafungwa sandani. "Kasagika. Msimfunue." Wakatii. Mbona mlima hausagi watoto wa wenye mashimo?

Aliporudi, giza lilikuwa limeshaingia. Akawasha fanusi; usiku, asiye na fanusi yake hapiti lango la mji.

Kwaru... kwaru...

Watu kumi, msururu mmoja, makarai kichwani. Ndani yake mawe meupe kama maziwa, mawe meusi marefu kama vidole. Hakuna aliyehema. Kafuri ya maiti ilinuka.

Wa mwisho alikuwa Ghanim.

"Dada," akanong'ona. "Mama hajambo?"

"Ghanim! Si tumekuzika?"

"Mmezika mawe."

Hamdiya akamkamata mkono. Ngozi ikambandukia kiganjani, tabaka kwa tabaka, nyembamba, yang'aa kama kioo. Chini yake ngozi nyingine.

Damu hakuna.

"Twende nyumbani. Mama anakufa kwa ajili yako."

"Na karai langu nani atalibeba?"

"Wamekugeuza punda, na wewe unawatafutia punda mwengine? Lete hapa!" Akalinyakua, akajitwika. Mbali, ngoma ya kufunga lango ikaanza. Akamsukumia fanusi na maziwa. "Kimbia! Mimi askari ananijua."

Ghanim akapita. Hamdiya akafika nyuma yake, anatweta.

"Fanusi yako, bibi?" askari akauliza.

"Kaingia nayo ndugu yangu, sasa hivi! Huyo hapo!"

Askari akamtazama usoni, kisha akatazama lile karai. Akarudi nyuma hatua mbili.

Lango likafungwa.

Hamdiya akataka kulitua karai apige mbao kwa mikono miwili. Halikubanduka kichwani. Akavuta. Shingo ikalia.

Kwaru... Msururu umemfikia.

"Usijichoshe, mwanangu," mwanamke mmoja akamnong'oneza sikioni, bila pumzi. "Sote hapa tulimpokea mtu karai lake."

Nyumba yao iligusana na ukuta wa mji. Hamdiya akausikia mlango wao ukifunguliwa. Kisha kigelegele cha mama yake, kirefu, cha arusi...

Kikakatika katikati. Kiganjani mwa Hamdiya, ile ngozi ya nduguye ilikuwa bado imenata.