Injini ya Kulia Ilipozimwa

Wivu ni ugonjwa, jamani. Mtu mzima, baba wa mapacha wanaojitegemea, amejikunja kwenye kabati la nguo ndani ya boti isiyo yake, magoti kidevuni, injini inanguruma chini yake mpaka meno yanagongana. Anataka kusikia mkewe anaongea nini na Nahodha huko juu. Hasikii kitu.

Tangu watoto wahame, Mama Pacha alikuwa na wimbo mmoja: wafunge nyumba, wanunue boti ya kuishi, wazunguke bahari mwaka mzima wakiwa bado wana nguvu. Mumewe alikubali, ingawa bahari na tumbo lake haviivi chungu kimoja. Walijaribu boti mbili, na zote alishuka ameshikwa mkono kama mgonjwa. Basi akamwachia mke achague mwenyewe. Ndipo akaingia Nahodha, muuza boti mwenye sauti ya mtangazaji wa redio. Simu asubuhi, simu jioni. Mama Pacha anacheka mpaka anafuta machozi, mume akiingia sebuleni, mkewe anashusha sauti.

Jana yake simu ilikuwa mezani, ujumbe ukaingia, Baba Pacha akausoma bila kuigusa:

"Kesho asubuhi gatini. Kitanda kipana, utakipenda. Njoo peke yako tuwe na nafasi."

Peke yako!

— Nani huyo?

— Nahodha. Kesho tunajaribu katamarani.

— Na mimi?

— Si ulisema hutaki hata kunusa maji ya chumvi?

Kuuliza si ujinga, lakini Baba Pacha alilimeza swali lake. Asubuhi akaaga anakwenda kwa kinyozi, akatangulia gatini.

Katamarani ina matumbo mawili, la kushoto na la kulia, na ukumbi umekaa juu katikati. Kila tumbo lina ngazi yake, chumba chake na injini yake. Boti ilikuwa wazi inapigwa upepo, hapakuwa na mtu. Akateremka tumbo la kulia, akaona kitanda kipana kweli, akajitia kabatini. Hakujua kwamba injini imelala chini ya chumba hichohicho.

Sasa wako majini, na yeye amekwisha kukata tamaa ya kusikia lolote. Ghafla injini ya kulia ikazimwa. Boti bado inakwenda, lakini sauti zikateremka ngazini waziwazi.

— Safari ndefu unazima moja, Nahodha alikuwa akisema. Unakwenda taratibu na nyingine, mafuta yanakufikisha mbali zaidi.

— Na haiyumbi?

— Kikombe chako cha chai kimemwagika?

— Mimi si tatizo. Mume wangu ndiye anayetapika.

Baba Pacha akasogeza sikio mlangoni mwa kabati.

— Kila siku mume wangu, mume wangu. Yuko wapi? Nahodha akalainisha sauti. Mwanamke kama wewe hafai kusafiri na mtu anayeogopa maji. Sema neno moja tu, nitakuendesha mimi popote.

Hili ndilo Baba Pacha alilolifuata kabatini, na sasa alitamani injini iwashwe asisikie jibu.

— Nahodha, Mama Pacha akasema, kwa ile sauti anayowakanyia wateja wanaobonyeza mikate anayouza. Nimekuja kununua boti. Nahodha ninaye nyumbani. Tumbo lake bovu, lakini ni wangu. Asipoweza kulala humu, hatununui. Ngoja nikatazame kama nguo zake zitaenea.

Nyayo zikashuka. Mlango wa kabati ukafunguliwa.

Hakupiga kelele. Alimtazama mumewe toka utosini hadi miguuni.

— Baba Pacha.

— Naam.

— Kinyozi wako kahamia huku?

Mama Pacha angecheka, lakini macho yalikuwa yamemjaa machozi. Miaka yote nakuuguza tumbo, akasema, leo unanivizia kama mwizi.

— Kwa nini hukuniuliza?

— Niliogopa jibu. Naona wivu, mke wangu. Anakuchekesha. Mimi siku hizi sikuchekeshi.

— Tulikuwa tunakucheka wewe! Nilimsimulia ulivyotapikia kofia ya yule muuzaji wa boti ya kwanza. Ningekucheka usoni?

Baba Pacha akainamisha kichwa, akaomba radhi. Mama Pacha akamwambia radhi atapewa, ila siku nyingine akitilia shaka aje na mdomo, asije na magoti. Kisha akakunja uso.

— Umo humu tangu gatini?

— Tangu gatini.

— Juu ya injini? Umetapika?

Akajishika tumbo, akashangaa. Wivu ulikuwa umemjaa hata akasahau kuumwa.

— Sijatapika.

Mama Pacha akaanza kucheka, akakaa kwenye kile kitanda kipana, akacheka mpaka akafuta machozi. Safari hii mumewe alikuwa karibu naye. Huko juu Nahodha alikuwa amekazana na usukani hata hageuki.

Walipofika nyumbani, mke aliandika ujumbe, mume akisoma begani kwake kwa ruhusa:

"Tunaichukua. Wa kutufundisha kuendesha tutatafuta mwingine. Vyumba vyote vizuri, na kabati la kulia linamtosha mtu mzima."