Kikombe cha Bati cha Mzee Augustino

"Halo, duka la vitambaa, Kariakoo."

Anjana alikuwa ameibana simu kwa bega, mkasi mkononi.

"Ndugu Vitalis hapa, makao makuu, Posta. Elisaria yupo?"

"Anampimia mteja kaniki, Ndugu. Nimwite?"

"Mwambie tu, kuanzia Jumatatu yeye ndiye mkuu wa duka. Wewe utamsaidia."

Mkasi ukaanguka mezani.

"Ndugu Vitalis, nafasi hiyo mliniahidi mimi! Hata yeye kazi nimemfundisha mimi."

"Kazi yako hatuna neno nayo, binti. Lakini duka sasa ni la umma. Wananchi wakiingia wanataka kuona sura ya mwananchi."

"Nimezaliwa hapahapa mjini, Mchafukoge. Uraia nimeuchukua kwa hiari yangu. Hii sura yangu ni ya nani?"

Simu ilikuwa imeshakatwa.

Alipogeuka, Elisaria alikuwa nyuma yake na jora la kaniki begani. Huyu Mchaga ndiye aliyeuchukua moyo wake. Kariakoo nzima ilijua, isipokuwa wazazi wao, na hao nao walikuwa wanajifanya tu.

"Umesikia," Anjana alisema. "Utakataa, sivyo?"

Elisaria alilitua jora polepole.

"Kwa nini nikatae?"

"Eli! Kwa sababu si haki!"

"Haki? Marehemu baba yangu alibeba mizigo kwenye duka la baba yako mpaka mgongo ukapinda. Aliomba ukarani, akachekwa mbele ya wateja. Na chai alikuwa anapewa kwenye nini? Unakumbuka?"

Anjana alikumbuka. Kikombe cha bati, kimetundikwa peke yake kwenye msumari nje ya mlango wa nyuma. Na yeye, akiwa bado msichana wa misuko miwili, ndiye aliyekuwa akitumwa kummiminia Mzee Augustino chai, birika juu juu, lisije likakigusa.

"Kwa hiyo nilipe mimi?"

"Sijasema ulipe. Nasema sisi zamu yetu hatujawahi kuiona."

"Basi ioe hiyo zamu yako!"

Akatoka, kandambili moja ikabaki mlangoni.

Nyumbani, baba yake, Mzee Mansukhlal, habari zilikuwa zimeshamfikia.

"Si nilikwambia? Hapa sisi tutakuwa wageni mpaka kufa. Funga sanduku, twende Uingereza kwa kaka yako. Na yule kijana umsahau."

"Baba, Augustino alipoomba ukarani ulimjibu nini?"

"Augustino gani?"

"Wa kikombe cha bati."

Mzee alilinyanyua gazeti likamfunika uso. Hakulifungua ukurasa wa pili jioni ile.

Jumapili Anjana alikwenda kwa Mama Severa, mjane wa Augustino, akamkuta ndiyo kwanza ametoka kanisani, Biblia bado kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kumtetea baba yako au kumgombeza mwanangu?"

"Nimekuja kuomba radhi. Ile chai nilikuwa naimimina mimi."

Mama Severa alimtazama mpaka Anjana akainamisha kichwa.

"Najua. Marehemu alikuwa akisema yule mtoto hana ubaya, shida ni sukari. Chai yenu ilikuwa kama maji ya kusuuzia sufuria."

Anjana akacheka, machozi yakamtoka palepale.

"Radhi yako nimeipokea. Ya baba yako ataileta mwenyewe. Sasa nisikilize, mwanangu. Leo nimepiga magoti nikamuuliza Mungu: mume wangu alinyimwa kwa ajili ya ngozi yake, nikalia. Ukinyimwa wewe kwa ajili ya yako, nishangilie? Nimeona aibu kuimaliza ile sala." Akapaza sauti kuelekea chumba cha ndani. "Na wewe Eli, usijifanye umelala!"

Pazia likatikisika. Hakutoka mtu.

Jumatatu Ndugu Vitalis alifika mwenyewe kumkalisha mkuu mpya. Wafanyakazi walikusanyika katikati ya majora. Anjana alisimama pembeni, cheti cha uraia kakishika kama silaha.

"Ndugu Vitalis," Elisaria alisema, "kiti hiki sikitaki."

"Kesharogwa na Mhindi!" Mbaruku, mpakiaji, alipiga kelele. Duka zima likacheka.

"Nimerogwa, sikatai. Lakini hilo weka kando. Mbaruku, nani kakufundisha kuandika risiti?"

"Dada Anjana."

"Na nani anakufokea ukichelewa?"

"Si huyohuyo!"

"Basi mkuu tunaye. Ndugu Vitalis, sisemi Mwafrika asisogezwe mbele. Tulifungiwa mlango miaka mingi, kwa hiyo nafasi za mafunzo ya ukarani wapeni kwanza kina Mbaruku, waliofungiwa. Lakini huyu ni raia kama mimi, na kiti hiki amekifanyia kazi. Mkimnyima kwa rangi, mtakuwa mmekitundika upya kile kikombe cha baba yangu, safari hii kwa ajili yake."

Ndugu Vitalis alijifuta jasho.

"Wafanyakazi mnasemaje?"

Mikono ikapanda. Mbaruku alinyoosha yote miwili.

"Ila mafunzo yangu msiyasahau!"

"Jina lako litatangulia," Anjana alisema.

"Haya," Ndugu Vitalis akasema. "Kaa, Ndugu Mkuu."

Anjana akakaa. Vigelegele vilisikika mpaka sokoni.

Elisaria akamsogelea, kandambili yake mkononi.

"Ile zamu nimeiacha. Kuna mwingine nataka kumuoa."

"Nani?"

"Mkuu wangu wa kazi."

Mama Severa alipokwenda Mchafukoge na Elisaria kuposa, Mzee Mansukhlal alimpokea mlangoni, macho chini. Safari ya Uingereza ilikuwa haitajwi tena. Taraben, mama yake Anjana, alileta chai kwenye vikombe vya kaure vyenye maua.

Mama Severa akafungua mkoba, akatoa kikombe cha bati kilichobonyea, akakiweka mezani.

"Mimi nitanywea hiki. Ndicho mlichotuzoesha."

Elisaria akamshika Anjana mkono.

Mzee Mansukhlal alinyanyuka. Akakichukua kikombe kile, akakimiminia chai, mdomo wa birika umegusa bati. Kisha akamsogezea mgeni kikombe cha maua, yeye akapiga magoti mbele yake na cha bati mikononi.

"Augustino aliniomba kazi, nikamcheka. Nisamehe, mama."

Akanywa. Akanywa mpaka mwisho.

Mama Severa alijifuta macho kwa upindo wa kitenge, akaonja chai yake, akakunja uso.

"Nimekusamehe, mkwe. Binti tunamchukua. Lakini jamani, hii sukari hamjajifunza tu mpaka leo?"