Tundu Chini ya Kopo la Oregano

To. To. To.

Kulikuwa bado giza. Tone la maji lilianguka kwenye sahani ya bati jikoni, likafuatwa na jingine. Kidadisi alifumbua macho na kushuka kitandani kwa kunyata. Alijua sauti hiyo ilitoka wapi. Aliomba tu mdogo wake mchanga asiisikie.

Alikuwa amechelewa. Mtoto aliangua kilio, na mama, ambaye hata usingizi haukuwa umemkolea, akaamka tena.

"Hilo kopo lako litanitoa roho, mwanangu," mama alisema huku akimpakata mtoto. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu.

Kopo lenyewe halikuwa la Kidadisi. Lilikuwa la Bi Mkate, jirani aliyeuokea mtaa mzima mikate, na ambaye alikuwa amesafiri wiki tatu kumuuguza kaka yake. Ndani ya kopo mliota oregano, kiungo chenye majani madogo ambayo ukiyagusa asubuhi, vidole hunukia hadi jioni. Bi Mkate huyakausha, huyafikicha na kuyachanganya na unga wa mkate. Mmea huo alipewa na marehemu dada yake, na hakuwa na mwingine.

"Uweke dirishani penye jua," alikuwa ameagiza. "Maji mara mbili kwa wiki, tena ushike udongo kwanza. Nimekuchagua wewe kwa sababu ya maswali yako. Mtoto wa maswali mengi huwa anaangalia vitu."

Kidadisi aliona mara mbili kwa wiki ni uchoyo. Yeye mwenyewe hunywa maji kila siku, kwa nini mmea usinywe? Basi akawa anaumwagilia kila jioni, nao ukawa unadondosha maji hadi alfajiri.

Asubuhi ile alisokota kipande cha kitambaa, akaziba tundu lililokuwa chini ya kopo. Matone yalikoma. Kesho yake mtoto alilala mpaka jua likachomoza, na mama akapika chai huku akiimba.

Baada ya siku chache, jani moja likageuka njano. Kidadisi alilichuma, akalificha katikati ya daftari la hesabu. Kesho yake yalikuwa matatu. Wiki iliyofuata daftari lilinukia kama tanuri la Bi Mkate, na mwenzake wa dawati akamtania, "Wewe, hesabu zako umezitia viungo?" Kidadisi alicheka kidogo, akalifunga daftari upesi. Kwa hofu aliacha kabisa kumwagilia.

Siku tano baadaye, Bi Mkate alirudi. Hata mizigo hakufungua. Aliingia jikoni akausogelea mmea, akashika shina moja lililolegea.

"Maskini! Mbona umenyong'onyea hivi?" Aligusa udongo kwa ncha ya kidole. "Juu pakavu. Ulikuwa unaumwagilia, mjukuu wangu?"

"Kama ulivyosema, Bibi. Mara mbili kwa wiki."

"Basi joto limezidi, na una kiu. Nipe jagi hilo."

Kidadisi alimpa. Bi Mkate aliinua jagi juu ya kopo. Kidadisi aliyatazama maji yakiukaribia mdomo wa jagi, akahisi kana kwamba ni yeye anayeyamimina.

"Bibi, usimwage!" alipaza sauti. "Nimekudanganya."

Jagi lilibaki hewani. Maneno yalimtoka yote kwa mkupuo: maji ya kila jioni, matone, kilio cha mtoto, kitambaa, majani kwenye daftari. Alimaliza huku machozi yakimdondoka.

Bi Mkate aliweka jagi chini. Aliutazama mmea wa dada yake. Kisha akasema, "Lete gazeti na kisu."

Walipochomoa kitambaa, maji meusi yenye harufu ya kuoza yalitiririka. Walipoutoa mmea, waliona kwamba udongo wa juu ulikuwa mkavu, lakini wa chini ulikuwa tope tupu. Mizizi ilikuwa myeusi na laini.

"Kwa nini maji yanaua, Bibi? Si ndiyo uhai?" Kidadisi aliuliza, akisahau kulia.

"Mizizi nayo inahitaji hewa. Huu mmea hupenda jua na udongo unaopitisha maji upesi. Ukiukalisha kwenye tope, unazama."

Mizizi haikuokoka. Lakini kwenye ncha za matawi manne bado kulikuwa na ukijani. Bi Mkate alizikata chini kidogo ya mahali majani yanapochipukia, akapukutisha majani ya chini, akazichomeka kwenye udongo uliochanganywa na mchanga ndani ya kopo lile lile, akaliacha dirishani kwa kina Kidadisi. Siku zikapita. Tatu zilikauka. Ya nne ilisimama wima, ikatoa jani jipya dogo kuliko ukucha.

Mama alikunja kitambaa kingine, akakilaza ndani ya sahani ya bati. Maji yalipodondoka, hayakutoa sauti hata kidogo. "Ungeniambia mapema," alisema, akambusu Kidadisi kwenye paji la uso.

Miezi miwili baadaye, kabla mmea haujachanua, Kidadisi aliupeleka nyumbani kwa Bi Mkate, naye akamkabidhi mkasi. "Kata juu ya majani mawili yanayotazamana. Hapo yatachipua matawi mawili. Usichukue zaidi ya theluthi."

"Bibi, hukunikasirikia?"

"Niliumia. Ila ulichofanya kuhusu maji kilikuwa kosa la upendo, na mtu akikosea hufundishwa. Uongo ndio ulionitisha. Mmea hauna mdomo, mimi nilitegemea wako. Ungenyamaza, ningeuzamisha kabisa kwa mkono wangu mwenyewe, nikidhani nauokoa. Ulisema kweli huku unalia, ndiyo maana leo tunavuna."

Walifunga matawi kwa uzi, wakayaning'iniza kivulini. Kidadisi alinusa vidole vyake, akaaga. Alikuwa amefika mlangoni Bi Mkate alipomwita.

"Jumamosi majani yatakuwa yamekauka, nami nitakanda unga. Utakuja tena, mjukuu wangu? Njoo na maswali yako yote."