Kikombe cha Josée

Jumatatu hiyo nilikuwa nyumbani, hapa Kisangani, nikisahihisha mitihani ya wanafunzi wangu. Saa tisa alasiri simu ililia. Alikuwa Marian, Mmarekani, soprano wa opera, yaani mwimbaji wa sauti ya juu kabisa. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akiimba katika majumba ya Ujerumani na Ubelgiji. Aliwahi kuja kufundisha kwaya ya parokia yetu, akakaa kwetu wiki tatu, akawa kama dada wa mke wangu Josée.

Josée, mwimbaji wa kwaya hiyo, alifariki mwezi wa nne. Alianza na kikohozi kikavu, siku ya tatu koo likafunga.

Kabla ya kuimba alikuwa akijipaka mawese kidogo midomoni, kisha anakunywa maji ya tangawizi katika kikombe chake cha bati, cha buluu. Kwao Isangi, kikombe cha mwimbaji aliyekufa huzamishwa mtoni kabla ya matanga kwisha. Shangazi yake, Fortunée, alinikumbusha.

“Papa Évariste, kikombe hii itupwe mu maji. Iko na pumzi yake.”

“Tantine, pumzi haikai mu bati.”

“Weye na diplome yako! Bon. Utaniita.”

Sikukitupa. Marian alikuwa ameniandikia kwamba noti za juu zinamtoroka, na jumba lake halitaki kumwongezea mkataba. Nikamtumia kikombe kiwe kumbukumbu.

Sasa alikuwa akicheka kwenye simu, kwa Kifaransa chake cha jukwaani.

“Évariste, sauti imerudi! Wameniongezea miaka miwili.”

Kisha akashusha sauti.

“Nanywea kile kikombe kila siku. Jana kwenye mazoezi nilitamka neno ambalo halimo katika opera yenyewe.”

“Neno gani?”

“Vari.”

Mtu mmoja tu aliwahi kuniita hivyo.

Akakohoa. Mara mbili. Kikavu.

“Naogopa,” alinong'ona. “Nikitupe?”

Nilijua jibu. Lilikuwa neno moja.

“Niimbie kwanza,” nikasema.

Aliimba. Hakuwa Marian. Josée alikuwa na kosa moja ambalo kwaya nzima ililijua: alivuta pumzi kabla ya neno la mwisho. Niliisikia pumzi ile. Nikafumba macho. Nikamwacha aimbe. Akakohoa, nikamwacha tena.

“Kitupe,” nikasema hatimaye. “Kitupe mtoni.”

Simu ilikuwa imekatika.

Baada ya wiki tatu kilifika kifurushi, na barua ya mwenzake. Marian alifariki Alhamisi ya wiki ile ile ya simu, katika chumba cha kuvalia. Koo lilikuwa limefunga. Kikombe kilikuwa mkononi mwake.

Nilifungua kifurushi mezani, mchana, mlango ukiwa wazi. Ukingoni mwa kikombe kulikuwa na alama mbili za midomo. Moja ilikuwa ya rangi nyekundu ya jukwaani, imekauka na kupasuka.

Nyingine ilikuwa ya mawese. Niliigusa. Ilikuwa bado haijakauka.