Aliyesuka Viti vya Nthenya

Siku ya soko Makindu, mwaka ule wa sabini na nane, duka la Khamisa lilijaa watu hadi mlangoni. Mabasi mawili ya Mombasa yalikuwa yamesimama, abiria wameshuka kunyoosha miguu, na kila mmoja alitaka kitu chake kwa haraka. Katikati ya msukumano huo Nthenya alikuwa amelikumbatia jora la raksini nyekundu, ile ngozi ya plastiki inayong'aa, utadhani amepata mchumba. Alivaa gauni la maua ya njano na kitambaa cheupe kichwani, na akilini mwake mlikuwa na jambo moja tu: mkahawa. Chumba kando ya barabara alishakodi, kuta zilishapakwa rangi, jiko lilishajengwa. Kilichobaki ni viti.

"Hiyo usinunue, dada," sauti ikasema nyuma yake.

Aligeuka. Kijana mrefu, shati la kola pana, suruali pana chini kama mtindo ulivyotaka, na vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Na wewe ni nani wa kunikataza?"

"Mimi ni Kiema, fundi wa viti. Na hii jua ya Makindu, mtu akikalia hiyo kitu saa saba, akiinuka gauni inabaki kwa kiti."

Watu wakacheka. Nthenya alitaka kukasirika, akashindwa.

"Basi nikalishe watu kwa mawe?"

"Umewahi kukalia raksini mpaka chai iishe?"

"Sijawahi."

"Basi hujachagua. Umeona rangi tu."

"Kiema!" Khamisa alipiga kelele kutoka nyuma ya kaunta. "Wanifukuzia mteja dukani kwangu mwenyewe?" Lakini alikuwa anatabasamu. Khamisa alikuwa mama wa pwani aliyeolewa Makindu miaka mingi, na hakuna penzi lililoanza mjini asilijue kabla ya wenyewe.

Kiema alikuwa na utaratibu wake, na ulikuwa utaratibu wa kichaa kidogo. Hakumuuzia mtu kiti kabla hajakikalia kikombe kizima cha chai, taratibu, bila kuinuka. Kwa hiyo kila Alhamisi, siku ya soko, alileta kiti kimoja katika chumba kile kitupu. Nthenya alipika chai, akakaa, na Kiema akakaa sakafuni akiegemea ukuta, akimtazama usoni kama daktari.

Alhamisi ya kwanza ilikuwa mbao tupu ya mukau, mti mgumu wa kwetu. "Imara," Nthenya alisema, "lakini mgongo wangu umeanza kuomba msamaha." Ya pili ilikuwa raksini, kwa ajili ya haki. Nthenya alipoinuka, gauni liling'ang'ania kiti na kulia kwaa! Kiema akageuza uso kwa heshima, ila mabega yalimtikisika mpaka akapigwa na kitambaa cha meza. Ya tatu ilikuwa ngozi ya mbuzi. Mvua ikanyesha siku hiyo hiyo, chumba kikanuka zizi.

"Wateja watafikiri tunachinja chini ya meza," Nthenya alisema.

"Wape supu, wataamini."

"Kiema, wewe utaniua na kicheko."

"Usikufe kwanza. Bado kiti moja."

Alhamisi ya nne alileta kiti cha miguu ya mukau, na pa kukalia pamesukwa kwa kamba za katani, kahawia na nyeusi, mistari ikipishana kama kwenye kiondo, kikapu cha bibi harusi. Nthenya alikaa. Hewa ilipita chini yake, kamba zikampokea bila kumbana. Chai iliisha na hakukumbuka kuinuka. Alipoinuka tayari alikuwa anampenda Kiema, na mimi simlaumu, maana mtu anayekuhangaikia mgongo wako wiki nne si mtu wa kuchukulia mchezo.

Alipindua kiti akakitazama chini. Mama yake Nthenya alisuka viondo maisha yake yote, na Nthenya alijua kuusoma mkono. Ncha za kamba zilikuwa zimefichwa kwa kuzungushwa mara mbili. Uzi ulisokotwa pajani, laini, sawasawa. Huu ulikuwa mkono wa kike wa miaka mingi.

"Nani amesuka?"

Kiema alitazama mlango. "Kuna mama mmoja kwetu nyumbani."

"Nataka kumshukuru."

"Ako na kazi nyingi, huyo."

Nthenya aliagiza viti ishirini na vinne, na Kiema akaandika hesabu yake ukutani kwa penseli. Kila Jumamosi Kiema aliondoka na fremu tupu kwenda kwao, ng'ambo ya Wote, na kila Jumatatu alirudi na viti vilivyosukwa. Jumamosi jioni alipiga simu kutoka Wote hadi dukani kwa Khamisa, na Nthenya alikuwa ameshafika dakika kumi kabla, nywele zimechanwa kana kwamba simu ina macho.

"Mwendwa, mpenzi wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe unafanya nini huko?"

"Nakufikiria tu."

"Na viti?"

"Viti pia vinakufikiria."

Khamisa alijifanya anapanga sabuni, akiisogeza ile ile huku na huku.

Lakini siku Nthenya aliposema, "Nipeleke kwenu nimwone mama yako," Kiema alisema ngoja kwanza. Akaomba tena, akaambiwa barabara ni mbaya. Mara ya tatu hakupewa hata sababu. Kuna mwanamke nyumbani anasuka, na mpenzi wako hataki ufike nyumbani. Nani hangejumlisha? Nthenya alilala na hesabu hiyo wiki mbili.

Siku ya kufungua mkahawa, mji mzima ulikuja. Madereva, wenye maduka, walimu wa shule ya msingi, wote walikaa kwenye viti vya katani wakavisifu. Mwalimu Mutunga, mtu mpole wa miwani na tai, alipapasa kiti chake akasema, "Kiema, mke wako ana mkono mzuri sana!"

Wanaume wakacheka. Dereva mmoja akadakia, "Ama amesuka mwenyewe, pajani!" Hapo kicheko kikapasua paa. Mwanamume kusokota nyuzi pajani? Katika nchi ile afadhali uitwe mwizi wa kuku.

Nthenya aliweka trei chini. "Kiema. Ni mke wako?"

Kiema alifungua mdomo. Akawatazama wale wanaume mmoja mmoja, vinywa vyao bado viko tayari kucheka. Akaufunga.

"Nimekuuliza."

Alichukua kofia yake akatoka. Nthenya aliendelea kumimina chai, mpaka ikafurika kwenye sahani, na hakuna aliyethubutu kulalamika.

Kesho yake Kiema alikuja asubuhi, akakuta mlango umefungwa na Khamisa amesimama nje. "Amesema hataki kukuona, mwanangu. Kama una la kusema, niambie mimi." Kiema alizungusha kofia yake mikononi. Mwisho akasema hana. Baada ya wiki tukasikia amehamia Mombasa.

Mutunga alikuja kuomba radhi kwa mzaha wake, akaendelea kuja. Alikuwa mtu mwema, na Nthenya alikuwa amechoka kuumia. Mwaka uliofuata mbuzi watatu wa ntheo walipelekwa kwa baba yake, wakachinjwa, wazee wakala, na kwa mila ya Wakamba akawa mke wa mtu. Kanisani walifunga ndoa Desemba. Mtoto akaja, wakamwita Kalondu.

Mwaka wa themanini na mbili, basi la Mombasa lilisimama adhuhuri, na miongoni mwa abiria akaingia mama mzee amejifunga khanga mbili. Vidole vyake vilikuwa vimepinda na kukauka. Kikombe alikishika kwa viganja viwili. Nthenya, Kalondu mgongoni, alimsogezea kiti.

"Keti, mwaitu, mama yangu. Umechoka."

Mama akaketi. Mara akatulia. Akapitisha kiganja chini ya kiti, polepole, akitafuta kitu, na alipokipata uso ukamlainika.

"Hii ni kazi ya mtoto wangu."

"Mtoto wako wa kike?"

"Mimi sikuzaa msichana, mama. Nilizaa wavulana watupu. Hii mikono ilipokufa, na viondo ndivyo vilikuwa chakula yetu, nikafundisha kitinda mimba. Tulikuwa tunafunga mlango majirani wasione. Kiema wangu akasokota mpaka paja ikaisha nywele." Akacheka kidogo. "Kuficha ncha mara mbili, hiyo ni yangu. Sikufundisha mtu mwingine."

Nthenya alishika meza.

"Hivi viti alisuka akiimba," mama aliendelea, asijue anaongea na nani. "Siku zote alikuwa anasokota amenuna kwa aibu. Lakini hivi aliimba. Nikamuuliza ni vya nani, akasema, utamwona. Sikuwahi kumwona. Sasa naenda kumtembelea Mombasa." Akatoa karatasi kwenye fundo la khanga, ya kuwaonyesha watu akipotea: jina, mtaa, na nambari ya simu, kwa mwandiko ule ule ulioandika hesabu za viti ukutani.

Nthenya alimpa chai ya pili, akamsindikiza hadi kwenye basi, akamshika mkono kupanda. Hakumwambia yeye ni nani. Kisha akamwachia Khamisa mtoto, akaenda posta.

"Dakika tatu, mama," bibi wa simu alisema.

Simu ililia, ikapokelewa na mtu, ikapita mikono miwili, kisha: "Haloo?"

"Kiema."

Nyundo zilisikika mbali.

"Nthenya."

"Mama yako amepita hapa. Amekalia kiti chako. Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa kicheko."

"Changu?"

"Cha wale wanaume. Chako pia. Siku hiyo nilifungua mdomo, Nthenya, ukweli ulikuwa hapa kwa ulimi."

"Ningecheka, ndiyo. Ningecheka siku moja. Halafu ningekuomba unifundishe vile unaficha ncha."

Alimsikia akivuta pumzi.

"Unajua huku wanaume ndio wanasuka vitanda vya kamba?" Kiema alisema. "Wanaume wazima, barazani, mchana kweupe. Na mimi nakaa nao nasokota. Hakuna mtu anacheka. Kuaibika kote kule, na ilikuwa ni safari ya basi moja."

Nthenya alilia bila kuficha, paji la uso kwenye ukuta wa kibanda.

"Nilisikia uliolewa na Mutunga. Anakutunza?"

"Ni mtu mwema."

"Sikuuliza hivyo."

"Najua vile umeuliza. Tuko na mtoto, Kiema."

"Basi mtunze. Nthenya, vile viti..."

"Dakika zimeisha," bibi wa simu akasema, na laini ikakatika.

Jioni hiyo Mutunga alikuwa akipiga hesabu ya mambo ya kurekebisha mkahawani, kama kawaida yake. Tangu Pasaka alikuwa akisema viti vimeanza kulegea, watu wa Nairobi wanapenda vitu vya kung'aa, kwa nini wasiweke raksini nyekundu. Nthenya alikuwa akikataa kila mara, na hata yeye hakujua kwa nini.

"Weka," alisema sasa, maana sasa alijua, na hakuweza tena kupita kila siku katikati ya viti vile.

Mutunga alivua miwani. "Kweli? Vyote?"

"Vyote. Ila kile cha kwanza kusukwa, kilicho jikoni. Hicho ni changu."

Mutunga hakuuliza. Labda alijua, labda hakutaka kujua. Watu wema nao wana vitu wanavyoogopa. Raksini ikaja, nyekundu, ikang'aa, na kila saa saba mchana magauni ya abiria yalilia kwaa kwenye viti vile na watu wakacheka.

Na kila Alhamisi, soko likipamba moto, Nthenya alijimiminia kikombe, akaingia jikoni, akakaa kwenye kiti cha katani, wala hakuinuka mpaka chai iishe.