Kondo la Kadii

Jua lilikuwa linatua nilipotumwa shimoni kutupa kondo la nyuma.

Ilikuwa mwaka 1984, wiki yangu ya tatu katika wodi ya wazazi ya hospitali moja ndogo kati ya Malindi na Kilifi. Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi kutoka Machakos, na kabla ya kuja nilidhani nitafundishwa kupokea watoto tu. Hakuna aliyeniambia kwamba mwanafunzi hushinda akisugua vitanda, akichemsha mikasi, akisikiliza moyo wa mtoto tumboni mwa mama mpaka shingo inakufa ganzi. Wala kwamba kila kondo likitoka, yeye ndiye hulitandaza kwenye trei, akalikagua kama limetimia, kisha akalibeba hadi shimoni.

Jioni hiyo Kadii, msichana wa kijiji cha Jilore, alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, wa kike. Mkunga wetu, Sista Batuli, alikuwa kitanda cha pili na mama mwingine.

"Zipporah, umelikagua?" aliniuliza bila kugeuka.

"Ndiyo, Sista."

Sikuwa nimelikagua. Miguu iliniuma. Nilitaka chai.

"Haya, lipeleke mwenyewe. Usimpe mtu."

Nikalifunika beseni kwa kitambaa, nikatoka. Shimo lilikuwa nyuma ya miti ya mivinje. Nilipokaribia, nilisikia harufu ya maziwa yaliyochacha.

Kisha nikamwona. Bibi kizee, mfupi, amevaa hando jeupe, ile sketi ya marinda ya wanawake wa Kigiriama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hilo ni la Kadii?"

Alilijua jina. Nikaona ni mtu wa kwao.

"Nipe nikazike nyumbani," akanong'ona. "Ndiyo desturi yetu."

Nikampa.

Vidole vyake viligusa vyangu. Uso ulikuwa umekunjamana, lakini vidole vile vilikuwa laini... laini mno. Kama vya mtoto mchanga.

Nilirudi wodini kunywa chai, lakini sikumaliza hata nusu ya kikombe. Kadii aliniita kwa sauti ndogo.

"Sista... ninalowa."

Nilifunua shuka. Damu ilikuwa imefika magotini, na bado inakuja.

Sista Batuli alifika mbio. Akampiga sindano, akamsugua tumbo kwa nguvu. Midomo ya Kadii iligeuka rangi ya majivu.

"Lete lile kondo nilitazame."

Niligeuka kutazama mlango.

"Zipporah. Kondo liko wapi?"

"Nimempa bibi yake."

Mkono wa Sista ulitulia juu ya lile tumbo.

"Mama yake na bibi yake wako Jilore. Hakuja naye mtu. Nenda ukalidai."

Nilikimbia. Giza lilikuwa limeingia, lakini harufu ile ilinielekeza. Alikuwa amechuchumaa kando ya shimo, kanipa mgongo, beseni mapajani.

Nilisikia kitu.

Mtu anatafuna. Taratibu.

"Bibi... nirudishie."

Kutafuna kukakoma.

"Ulinipa mwenyewe."

"Nilikosea. Kadii anakufa."

Nilitaka kurudi, lakini nikakumbuka ile midomo ya majivu ya Kadii. Nikapiga hatua moja. Nyingine. Nikanyoosha mkono.

"Nirudishie, bibi. Nakuomba."

Alilisukuma beseni nyuma bila kugeuka.

"Chukua. Nimebakisha."

Sikumbuki nilivyorudi. Nakumbuka Sista akilimwagia kondo maji, akilitandaza chini ya taa, akipitisha kidole. Katikati palikuwa na pengo. Pembeni palikuwa na jingine.

Akavaa glavu ndefu, akaingiza mkono ndani ya Kadii. Kadii alilia kilio kimoja kirefu. Mkono ulipotoka ulikuwa umeshika kipande cha nyama kama kiganja cha mtoto. Polepole damu ikapungua. Ikakoma.

Sista alikipachika kile kipande kwenye pengo la katikati. Kikakaa sawasawa, kama kigae cha chungu kilichovunjika.

Pengo la pembeni likabaki wazi. Kingo zake zilikuwa na alama ndogo ndogo, zimepangana.

Nikasema pengine mna kipande kingine ndani. Aliingiza mkono tena. Hakikuwamo.

Tulikwenda shimoni pamoja, yeye ameshika taa. Hapakuwa na mtu. Tulilitumbukiza, tukamwaga chokaa, tukafunika.

"Ni nani yule?" niliuliza.

"Sijui, mwanangu. Mimi nimemkuta hapa, na walionitangulia walimkuta. Hachukui kitu. Hungoja apewe."

"Lakini Kadii amepona."

"Kadii amepona, alhamdulillahi. Kipande cha tumboni kilikuwa kosa lako la uanafunzi. Ungekagua, tungejua mapema."

"Na kile kingine?"

Aliharakisha hatua mpaka tukafika mlangoni. Ndani, mtoto wa Kadii alikuwa macho, kimya, amegeuza uso kuelekea dirisha la upande wa mivinje. Alikuwa anatabasamu.

Sista Batuli akalifunga lile dirisha, akaninyooshea kiti.

"Kaa hapa mpaka kuche," akasema. "Na mtu yeyote akija kumpakata, usimpe."