Wa Kwanza Haitwi Moja

Walioshuka garimoshi Medjez el Bab asubuhi ya Jumapili, tarehe 9 Machi 1969, ni hawa: Chedli Gharsallah, mwalimu wa historia kutoka Tunis, ambaye ndiye aliyeipanga safari, Nejib Kammoun, muuza vitambaa wa Sfax, kamera ikimning'inia shingoni, Souad, mkewe, Bi Mannoubia Zlaoui, mkunga, mjane, na kikapu chake cha mkate na mayai ya kuchemsha, Ferjani Mejri, mshona matandiko ya farasi wa Béja, na kaka yake Ferjani, Laroussi Mejri, kondakta mstaafu wa reli hiyohiyo. Laroussi alikuwa amewataja wote kimoyomoyo, jina baada ya jina, kama alivyozoea kwa kila kundi alilokabidhiwa katika miaka thelathini na miwili ya kazi. Hakuwahi kumpoteza mtu.

Mwalimu alitaka waifuate reli ya bonde la Mejerda kituo kwa kituo, wayaone madaraja na misikiti ya kale, kisha makaburi na mahandaki ya vita, na jioni walale Béja. Walianza na makaburi ya askari wa Kiingereza. Mvua ilikuwa imekatika, na mawe meupe yalisimama kwa mistari hadi ukutani. Mengi hayakuwa na majina.

Walipotaka kuondoka, mwalimu alisimama katikati ya mawe hayo yasiyo na majina, akanyoosha kidole kwa Ferjani aliyekuwa karibu naye.

"Moja," akasema, akaendelea na wengine. "Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita. Saba."

Akacheka. "Nimejihesabu mara mbili."

Laroussi alimsogelea. Kwao Béja, mpimaji ngano hasemi "moja" kwa pishi la kwanza. Husema "Baraka", ndipo aende pili na tatu, kwa sababu bonde lina wenyewe wasioonekana, na ukisema "moja" umewaambia: hili la kwanza ni lenu. Na mahali palipomwagika damu, wenyewe hao huwa wengi, nao huwa na njaa.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini, "anza upya. Wa kwanza mwite Baraka."

"Mzee Laroussi, hawa ni watu, si magunia."

"Kwa wenyewe wa hapa ni mamoja."

"Mwacheni kaka yangu," Ferjani akadakia. "Yeye kastaafu, reli haijamstaafu. Hata kuku wa mkewe hawaingii bandani bila tiketi!"

Wote wakacheka, isipokuwa Bi Mannoubia. Laroussi akaona haya kumbishia msomi mbele za watu, akaliacha neno hilo.

Mlinzi wa makaburi aliwaletea chai kwenye sinia, glasi saba. Nejib alimwambia wapo sita. Mlinzi akawatazama, akatazama nyuma ya Ferjani, akaondoka upesi. Hakuna aliyeigusa glasi ya saba. Walipoinuka ilikuwa tupu, na ukingoni palikuwa na alama ya udongo mwekundu, kama iliyoachwa na mdomo.

Ndani ya behewa, harufu ilianza kabla magurudumu hayajazunguka mara kumi: sufu iliyolowa, na chuma chenye kutu. Souad alifungua dirisha. Mwalimu alisema ni kondoo wa mtu fulani behewa la nyuma. Ferjani, ambaye hakujua kukaa kimya tangu azaliwe, alikaa kimya, akawa anajifuta shingo.

"Kaka," akanong'ona, "mwambie Nejib aache kunipumulia."

Nejib alikuwa ameketi mbele yake. Nyuma ya Ferjani palikuwa na ubao wa behewa tu.

Laroussi akamshika mkono, ulikuwa baridi kama bomba la maji. Ferjani alikuwa kitindamimba. Mwaka 1943 mabomu yalipoanguka Béja, mama yao, Hallouma, alimfunga mgongoni mwa Laroussi kwa shuka, akamwambia, "Huyu ni wako, usiniletee nusu." Sasa alikuwa mtu wa miaka ishirini na saba mwenye ndevu, na amana ilikuwa ileile.

"Usiniache hata hatua tatu," Laroussi alimwambia. "Nikikuita, itika."

"Naam, Bwana Kondakta," Ferjani akajibu, lakini mzaha haukufika machoni.

Saa tisa alasiri garimoshi lilisimama Henchir Sfar, kituo kidogo chenye kibanda kimoja, lilipishe la mizigo. Hamadi, kondakta wa zamu, ambaye Laroussi ndiye aliyemfundisha kazi, alisema wana nusu saa. Hatua mia mbili kutoka relini, ubavuni mwa kilima, palikuwa na handaki la zege lililojengwa wakati wa vita. Mwalimu alikuwa ameshashuka.

"Hatuendi," alisema Laroussi.

"Kaka, nibaki humu na harufu hii? Nitatapika. Afadhali nje." Ferjani akavuta joho lake la sufu, akafunika kichwa kwa kofia ya joho hilo, akashuka. Laroussi akamfuata, na wengine nyuma.

Handakini mlikuwa na giza la mchana, lile baya zaidi kwa kuwa mlangoni unaliona jua. Mwalimu alieleza bunduki zilikaa wapi. Alipoacha kusema, nyayo ziliendelea kutembea, polepole, za buti nzito, kutoka ukuta wa ndani hadi pale alipokuwa Ferjani, zikakoma.

"Nani huyo?" Souad aliuliza kwa sauti nyembamba. "Nejib, ni wewe? Sema ni wewe!"

Honi ya garimoshi ikalia, ukungu ukawa umeshuka kilimani bila mtu kuuona ukija, wakatoka mbio wakikanyagana, Bi Mannoubia akiacha kikapu, mwalimu akiacha kiatu, na Laroussi akiwa ameshika joho la mdogo wake mpaka akajikwaa na likamponyoka, akainuka, akafika mlangoni pa behewa wa kwanza kwa sababu miguu yake iliijua njia ya reli hata gizani, akasimama pale kama alivyosimama maisha yake yote, na kila aliyepanda yeye Laroussi akamgusa bega, pumzi ikimkata, akisema, "Baraka, pili, tatu, nne," na wa mwisho akaja kwa taratibu, kofia ya joho usoni, bega lake limelowa na ni la baridi, Laroussi akasema, "Tano," akajiongeza mwenyewe, "Sita," akamshukuru Mungu, akainua mkono. Hamadi akapuliza filimbi. Garimoshi likaondoka.

Harufu ilikuwa imewatangulia ndani.

"Hukutuita majina," alisema Bi Mannoubia. "Laroussi, kwa nini hukutuita majina?"

"Nimehesabu. Tumetimia."

"Ita."

Akaita. Chedli akaitika. Nejib. Souad. Mannoubia. Mwenye joho alikuwa ameketi pembeni, ameelekea dirisha, na maji yenye udongo mwekundu yakimchuruzika miguuni.

"Ferjani."

Kimya.

"Ferjani, mdogo wangu."

Kimya.

"Ferjani, mwana wa Hallouma!"

Ndani ya kofia ikatoka sauti, si ya Ferjani, bali ya mwalimu Chedli vilevile alivyosema asubuhi makaburini, kwa furaha na kwa ufasaha: "Moja."

Mwalimu akaziba mdomo wake kwa mikono miwili. Joho likaanguka kitini, tupu, mikono imekunjwa.

Laroussi alivuta mnyororo wa breki. Yeye na Hamadi walirudi kwa miguu kando ya reli, wakiita jina lile, na kila mara walipoita, ng'ambo ya ukungu kitu kiliitika.

Ferjani Mejri alikutwa asubuhi ya Jumatatu, tarehe 10 Machi, ndani ya handaki la Henchir Sfar, bila joho. Alikuwa amekufa.